Kwa miguu hadi mahame ya Sab Bani Khamis, Jebel Shams

Kiswahili kina neno lake kwa mahala palipokuwa na watu kisha wakahama: mahame. Milima ya Oman ina mahame mengi, na mojawapo ambalo familia inaweza kulifikia kwa miguu ni Sab Bani Khamis, lililobanwa ubavuni mwa genge la Wadi Nakhar, huko Jebel Shams. Nimekwenda mara kadhaa, na kila ninayefuatana naye huuliza yale yale: waliishi vipi hapa, na kwa nini waliondoka?

Tuanze na njia. Kutoka Maskati ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kwa njia ya Nizwa, kisha Al Hamra na Ghul, halafu unapanda. Gari la 4x4 ndilo la kuaminika huko juu. Gari huishia Al Khitaym, takriban mita 1,900 juu ya bahari. Kutoka hapo unafuata alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye mawe. Njia hii imeandikwa W6. Ni karibu kilomita 4 kwenda, na sehemu kubwa haina mpando mkali, kwani ilikuwa njia ya watu na punda wao. Kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika, weka saa tatu hadi nne.

Hatari yake si mpando, ni ukingo. Upande mmoja una mwamba, upande wa pili korongo lenye kina cha karibu mita 1,000, na hakuna uzio. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na awe upande wa mwamba. Anayeogopa urefu asilazimishwe. Mvua ikinyesha au ikitabiriwa, ahirisha safari, kwa sababu mawe huporomoka. Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Ondokeni asubuhi, mpate kurudi kabla ya Magharibi. Kila mtu abebe maji yake, maana njiani hamna duka, na avae viatu vilivyofungwa. Makubadhi yaacheni garini.

Mkifika mtaona nyumba za mawe zilizojengwa chini ya mwamba uliochomoza. Mwamba ndio paa na ndio ukuta wa nyuma. Ulipunguza kazi ya kujenga, ukawakinga watu na jua na mvua. Chini ya nyumba kuna mashamba ya ngazi: kuta fupi za mawe zinazozuia udongo usichukuliwe na maji. Kila kipande cha udongo hapo kilipatikana kwa jasho. Juu ya kijiji, baada ya kupanda kidogo, kuna kidimbwi chini ya mwamba. Maji ndiyo yaliyowaweka watu pale. Bila ya hayo, genge lile lingebaki kuwa la mbuzi tu.

Sasa kwa nini wakaondoka? Si vita wala njaa. Mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, Oman yote ilikuwa na skuli 3 na kilomita 10 hivi za barabara ya lami. Miaka iliyofuata barabara, skuli na hospitali zikafunguliwa, lakini zilifunguliwa chini, siyo ukingoni mwa genge. Mzazi alikuwa na mambo mawili ya kupima: shamba la babu yake, au mtoto asome na mgonjwa atibiwe. Wakashuka.

Watu wetu husema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nikiziangalia kuta zile sioni watu walioacha asili. Naona wazazi waliochukua watoto wao na kuacha mawe. Miaka hiyo hiyo, jamaa zetu wengi walikuwa wanarudi Oman kutoka Zanzibar na Bara, nao wakiwa wameacha nyumba na mikarafuu nyuma yao. Hawa wanashuka mlimani, wale wanashuka melini, na wote wakakutana katika skuli mpya zile zile.

Kwa hivyo mkienda, ingieni kama mnavyoingia nyumba ya watu. Msipande juu ya kuta, kwani hazina saruji, na jiwe moja likitoka hufuatwa na mengine. Msiandike majina, msichukue kigae wala kipande cha mlango. Taka zenu rudini nazo.

Na kabla hamjaenda, waulizeni wazee nyumbani: kijiji chetu kilikuwa kipi, na maji yake yalitoka wapi? Yaandikeni majibu. Kuta za mawe zitakaa miaka mingi bado, lakini jina la kisima analikumbuka bibi peke yake.