Bolti ya Oili ya Pikipiki: Ikazwe kwa Kiasi Gani?



Vikundi vingi sasa vina pikipiki yao. Nyingine zilinunuliwa kwa michango ya kila wiki, nyingine kwa mkopo ambao bado unalipwa. Wengi wenu mmeanza kubadilisha oili wenyewe nyumbani, na hilo ni jambo jema: pesa ya fundi inabaki kwenye sanduku, na mna hakika kwamba oili iliyoingia ni ile mliyoinunua. Lakini iko bolti moja pale chini ya injini, ile ya kumwagia oili chafu (wengine huiita nati ya sampu), ambayo imeharibu injini nyingi. Mara nyingi haiharibiki kwa kulegezwa. Inaharibika kwa kukazwa mno.

Sababu ni hii. Bolti yenyewe ni ya chuma kigumu. Injini ya pikipiki, pale bolti inapoingia, ni ya alumini, na alumini ni laini, kama ile ya sufuria. Ndani ya tundu kuna mistari ya kuzunguka, mafundi huiita thredi. Ukikaza kupita kiasi, bolti haiumii; zinazong'oka ni zile thredi za alumini. Bolti ni rahisi kununua nyingine. Tundu la injini halinunuliwi dukani.

Injini ya pikipiki ndogo hubeba karibu lita moja tu ya oili. Bolti ikitoka njiani, oili yote imeisha kabla dereva hajajua kuna shida. Halafu injini inanoki, na hapo kikundi kinatafuta pesa ya kufungua injini nzima.

Sasa, watu hukaza sana kwa nini? Kwa sababu wanaogopa oili kuvuja. Lakini kinachozuia oili si nguvu ya mkono. Ni washa, kile kipete chembamba cha shaba au alumini kinachokaa kati ya bolti na injini. Washa ni laini kwa makusudi: inabonyea kidogo na kuziba kila upenyo. Washa ambayo imebonyezwa mara nyingi imeshakuwa ngumu na inavuja, na mtu anaongeza nguvu, kumbe dawa ilikuwa ni washa mpya ya bei ndogo. Nunueni washa pamoja na oili. Kama ni ya shaba na duka liko mbali, ipasheni moto mpaka iwe nyekundu, kisha iacheni ipoe. Inarudi kuwa laini. Angalieni pia kama washa ya zamani imebaki imeshikamana na injini, maana mbili zikipandana hazizibi vizuri.

Jambo lingine linalochanganya ni upande wa kuzungusha. Bolti inatazama chini. Mtu akiinama akatazama kutoka juu, kulia kunakuwa kushoto. Anataka kufungua, kumbe anakaza, tena kwa nguvu zote! Lala chini utazame kichwa cha bolti chenyewe. Ukikiona kwa macho, kufunga ni kuelekea mshale wa saa unakoenda, kufungua ni kinyume. Na usiichanganye na kile kizibo kikubwa kilicho na springi na chujio, ambacho baadhi ya pikipiki zinacho. Hicho kina utaratibu wake.

Oili ikishamalizika kutoka (iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza), futa bolti na mdomo wa tundu kwa kitambaa safi mpaka pakauke. Mchanga ukiingia hapo unasaga alumini. Tena bolti iliyolowa oili huteleza, ikaenda mbali kuliko ulivyokusudia.

Halafu weka spana kando. Anza kwa vidole. Zungusha bolti kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie imedondoka kidogo kwenye njia yake, ndipo uigeuze kufunga. Inapaswa kuingia kwa vidole karibu yote. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana. Itoe uanze tena. Bolti iliyoingia upande ikilazimishwa hukata njia mpya, na siku hiyo ndiyo mwisho wa tundu.

Washa ikishagusa injini, sasa chukua spana ya duara au soketi inayoenea sawasawa. Spana ya kurekebisha na praya zinakula kichwa cha bolti. Kwa washa bapa, huwa inabaki kama robo mzunguko hivi. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki, kimeandikwa kwa nyutoni mita, yaani Nm. Pikipiki nyingi ndogo ziko kati ya Nm 20 na 30, lakini fuateni kitabu chenu.

Nm 25 ni nguvu gani? Ni sawa na kuvuta kilo 10 kwenye spana, sentimita 25 kutoka katikati ya bolti. Inua kwa mkono mmoja mtungi wenye lita 10 za maji: huo ndio uzito. Si mwingi, sivyo? Kama spana yenu ina sentimita 15, mtavuta karibu kilo 17. Walio na mizani ya ndoano, ile ya kupimia majani chai, wanaweza kuifunga kwenye mpini wa spana na kuivuta ikiwa imelala mpaka isome kilo hizo. Wanaoweza kumudu spana ya kupima nguvu wainunue kwa kushirikiana, vikundi vitatu au vinne.

Sasa fikirieni kijana anayechomeka bomba la nusu mita kwenye spana na kuvuta kilo 40. Hiyo ni karibu Nm 200, mara nane ya inayotakiwa! Bomba lisikaribie kabisa, wala kukanyaga spana kwa mguu.

Ukisikia bolti ilikuwa ngumu halafu ghafla imelainika, acha hapo hapo. Thredi zimeanza kung'oka. Msiweke gundi, wala kufunga utepe wa mabomba ya maji. Vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia za oili. Mpelekeeni fundi wa mashine atie koili ya chuma ndani ya tundu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, tundu linakuwa imara tena.

Wenye mashine ya posho msitumie kipimo cha pikipiki. Injini hizo ni kubwa, nyingi ni za chuma cha kusubu, na zina kitabu chao.

Kabla ya kuwasha, hakikisheni oili mpya imeingia. Washeni dakika moja, zimeni, ngojeni kidogo, pimeni kwa kijiti. Usiku lazeni pikipiki juu ya katoni safi. Asubuhi katoni ikiwa na doa, badilisheni washa kwanza kabla ya kugusa spana, na katibu aandike kwenye daftari tarehe, kilomita na jina la aliyekaza.