Vanishi na Mgongo wa Mlango

Mlango wa kabati la jikoni ukianza kupinda, lawama huangukia ubao: ulikuwa mbichi, muuza mbao alidanganya. Mara nyingine ni kweli. Lakini fungua mlango huo utazame mgongo wake, kisha ukingo wa chini unaoelekea sakafu. Usoni unang'aa. Mgongoni umepata mkono mmoja mwepesi wa vanishi, na ukingo haukuguswa kabisa; alama ya penseli ya fundi bado ipo. Dondosha tone la maji usoni, litakaa kama ushanga. Dondosha ukingoni, litanywewa huku unaliangalia.

Ubao, hata uwe na miaka mingi tangu mti ukatwe, haukomi kupokea na kurudisha unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, ubao hutulia ukiwa na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, maji hupanda hadi karibu asilimia 16. Pengo hilo laonekana dogo. Hata hivyo, paini ya shamba la miti la Sao Hill iliyokaushwa ikatulia kwenye kiwango cha kwanza, kisha ikashushwa hadi Keko, Dar es Salaam, ikakutana na hewa ya kiwango cha pili, ubao wake wenye upana wa sentimita 40 unaweza kutanuka takriban milimita 4. Urefu haubadiliki sana, kwa kuwa nyuzi hunenepa bila kurefuka.

Wengi huamini vanishi hufunga njia ya unyevu. Haifungi. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, ilipaka vipande vya paini kwa rangi, vanishi na mafuta ya aina nyingi, ikavitoa kwenye hewa ya asilimia 30 na kuviweka kwenye hewa ya asilimia 90. Mafuta ya kitani yalikuwa karibu na bure baada ya wiki mbili. Vanishi angavu zilichelewesha unyevu, nyingi zikazidiwa kadiri siku zilivyopita. Nta iliyoyeyushwa na kuchovywa ndiyo iliyostahimili zaidi, na hakuna anayetaka kabati la nta karibu na jiko. Kwa hiyo vanishi ni breki, na breki ikikamata upande mmoja tu, gari huvuta kando. Masika yanapoingia, mgongo usiopakwa hunywa haraka na kutanuka, uso unabaki nyuma, na mlango unabinuka ukitokeza mgongo.

Atakayepinga atasema mgongo hauonekani, na vanishi ni ghali. Lakini mikono mitatu usoni na mmoja mgongoni ni minne. Miwili kwa miwili pia ni minne. Mwingine atasema ubao uachwe upande mmoja upumue. Ubao haupumui, hunywa na kukauka tu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Pingamizi lenye uzito ni la mninga, ambao husinyaa na kutanuka kidogo sana, hivyo humsamehe fundi mzembe. Ni kweli, ila ni wangapi leo wanaoagiza kabati zima la mninga? Vilevile mlango wa fremu, wenye paneli iliyoachwa huru ndani ya mfereji, huvumilia zaidi, maana paneli ina pa kutanukia. Gundi ikiibana, faida hiyo hupotea.

Palipo muhimu kuliko uso ni kingo za juu na chini, ambako vinyweleo vya mti vimekatwa vikabaki wazi kama mianzi. Hapo mkono wa kwanza uzimuliwe kwa tina ili uzame, upigwe msasa laini, kisha iongezwe mikono hadi ukingo uache kunywa. Mlango ulio chini ya sinki ndio wa kutangulizwa. Mvule una tabia yake: kemikali iliyomo huchelewesha vanishi ya mafuta kukauka, na mlango ukifungwa mapema hunata. Na kwa kuwa kazi hii yahitaji mlango ushushwe, matundu ya skrubu za bawaba yatakuwa wazi. Kila moja litiwe tone la vanishi kabla skrubu haijarudishwa.