Bitana ya Hema: Jina na Uchaguzi wa Kitambaa

Istilahi njema humwongoza mtumiaji hata pale ambapo aliyeiunda hayupo. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jina la kitambaa chepesi kitundikwacho ndani ya hema, na kuonyesha jinsi jina hilo liwezavyo kumsaidia fundi au kumpoteza.

Tumchukue fundi cherehani wa Mazingara, Handeni. Mpimaji ardhi, abebaye hema lake mgongoni, amemtaka amshonee kitambaa hicho. Usiku wa baridi mvuke wa pumzi hugeuka matone kwenye ukuta wa hema, yakamdondokea aliyelala. Kitambaa cha ndani huyakinga matone hayo, na hewa iliyo kati ya kuta mbili hupunguza upotevu wa joto. Je, fundi aagizwe kwa jina gani?

Yako majina mawili. La kwanza ni chandarua. Neno hili lataja pia kitambaa kitandazwacho juu kuwa kivuli au pambo, lakini leo alisikiaye hufikiri kwanza wavu wa mbu. Wavu hupitisha hewa vizuri, ila matundu yake hayazuii tone. La pili ni bitana, yaani nguo ya ndani ya koti. Hili lafaa zaidi, lakini halikosi hatari: bitana ya koti hulalia kitambaa cha nje, na ya hema ikiugusa ukuta huloa.

Majina ya vitambaa nayo yataka uangalifu. Marekani, iliyoitwa hivyo kwa kuwa wafanyabiashara wa nchi hiyo waliileta Zanzibar katika karne ya 19, ni imara lakini nzito. Tuseme bitana yahitaji mita za mraba 10. Kitambaa chenye gramu 150 kwa mita ya mraba kitafikia kilo 1.5; chenye gramu 40 hakitapita gramu 400. Bafta na melimeli ni nyepesi kuliko marekani, lakini zote ni pamba, nayo pamba hunywa maji na kuchelewa kukauka. Nailoni nyembamba hukauka upesi. Poliesta hukauka vilevile, tena hailegei kama nailoni iloapo. Hapana budi kitambaa kiwe hakikupakwa utando wa kuzuia maji, ama sivyo matone yatafanyika juu yake chenyewe. Fundi akiweke mdomoni apulize: pumzi ikipita, chafaa. Nailoni na poliesta huyeyuka kwa moto. Taa ya mafuta isikaribie.

Liko pia jambo la irabu moja. Watu wa Korogwe, penye mashamba ya mkonge, waijua katani: nyuzi za kamba na magunia. Kitani ni nguo itokanayo na mmea mwingine kabisa. Aandikaye katani akikusudia kitani asishangae kuletewa gunia.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi bitana ya hema, kwa fasili hii: kitambaa chepesi kipitishacho hewa, kitundikwacho ndani ya hema bila kugusa ukuta wake. Maneno manne ya mwisho yasiachwe. Fundi akiyakosa, atashona kwa ustadi wake wote, na mpimaji ataamka amelowa.