Gemu za Kale Zinadai Wakati Kuliko Nguvu

Anayetaka kucheza gemu za zamani kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, tuseme Raspberry Pi, kwa kawaida huanza na swali la nguvu: ninunue bodi ipi, yenye RAM kiasi gani? Swali hilo lina maana, lakini hupewa uzito kupita kiasi, na fedha nyingi hupotelea hapo. Kwa gemu zilizotoka hadi katikati ya miaka ya 1990, bodi karibu yoyote ya miaka ya karibuni inatosha. Kinachoamua kama gemu itachezeka vizuri ni wakati: kila picha itoke kwa mpigo wake, kitufe kikibonyezwa kijibiwe hapo hapo, na umeme usiyumbe katikati. Mwenye bajeti ndogo atafaidika zaidi akishuka ngazi moja kwenye bodi, kisha ile nafuu akaitia kwenye chaja ya uhakika na padi nzuri, na akakaa dakika chache na setingi za TV yake.

Tuanze na hesabu. Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na baadaye kuigwa na viwanda vingi vya Asia, ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79 na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, nzima, ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo inaimeza mara nyingi. PlayStation ya mwaka 1994 ilikwenda kwa karibu megahezi 34 na megabaiti 2 za kumbukumbu kuu. Sasa linganisha na Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016: viini vinne vya gigahezi 1.2 na gigabaiti nzima ya RAM. Hata Zero 2 W, bodi nyembamba iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa dola 15, inazibeba mashine hizo. Pi 4 na Pi 5 zinaanza kuwa na sababu pale mtu anapotaka Nintendo 64 au Dreamcast, ambazo hata hivyo si kila gemu yake itakubali.

Msomaji atauliza: kama mashine ya asili ilikuwa dhaifu hivyo, kwa nini kuiga kwake kudai nguvu mara mamia? Jibu liko katika kazi ya emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nyingine. Haitoshi itafsiri amri za prosesa ya zamani. Inabidi iige pia chipu ya picha na chipu ya sauti, na izifanye zote ziende sambamba kama zilivyokwenda kwenye bodi ya asili. Kwenye Famicom, chipu ya picha ilipiga hatua tatu kwa kila hatua moja ya prosesa, na waandishi wa gemu waliutegemea uwiano huo kufanya mambo ambayo mashine haikubuniwa kuyafanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko juu kabisa ya skrini ya Super Mario Bros. Mario akikimbia, dunia yote inasogea kushoto, lakini mstari wa alama, sarafu na muda umetulia. Famicom haikuwa na njia rahisi ya kuigawa skrini vipande viwili. Watengenezaji waliweka kipicha kidogo nyuma ya sehemu ya chini ya ile sarafu ya juu. Mwale unaochora skrini ukifika hapo, chipu ya picha hutoa ishara; gemu, ambayo muda wote huo imesimama ikiisubiri, hubadilisha mpangilio na kuanza kusogeza sehemu iliyobaki. Jambo hilo hurudiwa kila picha, mara 60 kwa sekunde. Emuleta inayokosea hesabu hapo itatingisha mstari wa alama, au gemu itaganda ikisubiri ishara isiyokuja.

Space Invaders ya mwaka 1978 inatufundisha zaidi. Wavamizi wake huongeza kasi kadiri wanavyopungua, na ndicho kinachompandisha mchezaji presha. Kasi hiyo ilitokana na udogo wa mashine: kila picha ilimsogeza mvamizi mmoja tu, hivyo walipokuwa wengi safu nzima ilijikokota, na walipobaki wachache ikaenda mbio. Wachezaji wa miaka hiyo walipambana na mwendo wa saa ya chipu ile, na anayetaka kuionja gemu yao hana budi kuuheshimu mwendo huo.

Kuna pingamizi la nguvu hapa, na ni la haki. Emuleta zinazojali usahihi wa kila hatua, kama bsnes ya Super Nintendo, zina sifa ya kudai prosesa nzito kuliko zile zinazopita njia za mkato. Kwa hiyo usahihi wa wakati unanunuliwa kwa nguvu, na hoja yangu ingeonekana kujipinga. Lakini tuangalie usahihi huo unakwenda wapi. Sehemu kubwa yake hulinda matukio machache sana, katika gemu chache, ambazo emuleta nyepesi kama Snes9x huzikosea. Anayehifadhi historia anauhitaji. Anayetaka kucheza sebuleni na watoto wake huzipoteza milisekunde mahali pengine kabisa, nje ya bodi.

Mahali penyewe ni TV. Picha moja kwa mpigo wa 60 kwa sekunde huchukua milisekunde 16.7. TV bapa ya kisasa hupokea picha, ikaisafisha, ikaikuza, ikairembesha rangi, ndipo ikaionyesha. Zipo ambazo kazi hiyo hula milisekunde 100 au zaidi, yaani picha sita nzima. Mwenye kusema jicho halioni tofauti hiyo ajaribu Mike Tyson's Punch-Out!! ya mwaka 1987, ambayo mpinzani wake wa mwisho, katika dakika moja na nusu ya kwanza, hukuangusha kwa ngumi moja ikikupata. Mtu anakwepa kwa wakati, picha imechelewa, anadhani ameishiwa uwezo. Dawa yake mara nyingi iko kwenye rimoti: hali ya gemu, inayozima urembo wote huo.

TV za chogo hazina tatizo hili, kwa sababu mwale wake huchora kadiri ishara inavyofika. Kwa aliyebaki nayo moja stoo, Pi 4 ina tundu dogo la sauti linalotoa pia picha ya TV ya zamani, ingawa lazima liwashwe kwenye faili la config.txt na waya uwe wa mpangilio sahihi. Pi 5 haina tundu hilo. Bodi ya bei ya chini ndiyo bora hapa. Jambo la kuangaliwa ni mpigo. Tanzania na Kenya zilifuata mfumo wa PAL kama sehemu kubwa ya Ulaya, wenye picha 50 kwa sekunde, na gemu nyingi zilizotengenezwa Japani kwa mpigo wa 60 ziliuzwa kwenye masoko ya PAL bila kurekebishwa. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 ni mmojawapo wa mifano inayojulikana: kwenye mashine ya PAL, hata muziki wake ulipungua mwendo. Waliokua na matoleo hayo hawakuwahi kuisikia kasi ambayo mtunzi aliikusudia. Toleo la mpigo wa 60 ndilo la kuchagua, na TV nyingi za chogo za miaka ya mwisho hulikubali.

RetroArch, programu inayozibeba emuleta nyingi chini ya paa moja, tangu mwaka 2018 ina setingi inayokokotoa picha za mbele kabla hazijahitajika, kisha ikarudi nyuma mchezaji anapobonyeza, ili kufuta ucheleweshaji ulio ndani ya gemu yenyewe. Hiyo hula nguvu kweli, na hapa nakiri kuwa bodi kubwa inalipa. Lakini irekebishe TV kwanza.

Umeme nao ni suala la wakati, ingawa wengi hawauoni hivyo. Volti zikishuka chini ya takribani 4.63, Raspberry Pi huonyesha alama ya radi pembeni ya skrini na kupunguza kasi ya prosesa. Sauti inaanza kukwaruza, na lawama zinaiangukia emuleta. Pi 4 inataka chaja ya ampea 3 inayozitoa kweli, na waya mfupi mnene. Joto lina athari ile ile: prosesa ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguza, na katika chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, bodi iliyofungiwa kwenye kasha la plastiki bila kipoza joto haichukui muda kufika huko. Amri vcgencmd get_throttled itakuambia kama lolote kati ya hayo limetokea tangu uwashe. Jibu la 0x0 ni salama. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, jua kwamba RetroArch mara nyingi huandika kumbukumbu ya gemu kwenye kadi pale tu unapoifunga gemu. Kuna setingi ya kuiandika kila baada ya sekunde kadhaa. Iwashe siku ya kwanza.

Wapo wanaouliza kwa nini yote haya wakati simu ipo. Simu inaweza, na kompyuta ya ofisi iliyostaafu inaweza zaidi. Aliye nayo aitumie, na kila nililosema kuhusu TV linamhusu vile vile. Bodi ndogo inafaa kwa kuwa hula umeme kidogo na hukaa kwenye TV kwa kazi moja tu.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kwamba kutengeneza emuleta hakuvunji hakimiliki. Gemu zenyewe ni jambo jingine. Sheria za hakimiliki, ya Kenya ya 2001 na ya Tanzania ya 1999, zinalinda programu za kompyuta, na kadi zinazouzwa zikiwa tayari na maelfu ya gemu ni biashara ya mali ya watu. Ni kweli kwamba wenye mali wameitelekeza sehemu kubwa yake: uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote ya kawaida. Hilo ni deni lao kwa historia, na wanapaswa kulilipa, lakini halimpi muuza kadi haki. Anayeanza ana njia safi: kunakili kaseti anazozimiliki pale sheria inaporuhusu, au kununua gemu mpya zinazoandikwa leo kwa mashine za kale. Micro Mages, iliyotoka mwaka 2019, inaenea katika kilobaiti 40 zile zile za Super Mario Bros., wanacheza watu wanne kwa pamoja, na faili lake huingia kwenye kadi kama jingine lolote.