Roketi Hutazamwa na Wengi, Ukweli Wake Hujulikana na Wachache

Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Katika enzi ya Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kauli ya mtu anayeahidi kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Palipangwa kwa watu kama 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kwenye foleni ya maji. Huko ndiko tulikolikuta kundi la watu, jioni moja, mbele ya kibanda cha kuchajia simu, wakitazama kwenye kioo kidogo roketi ikiondoka Florida na watu wanne ndani yake.

Picha ilikuwa ikikatika na kurudi. Hata hivyo yaliyo muhimu yalionekana: hesabu ya kurudi nyuma, moto wa injini tisa, na baada ya dakika mbili na nusu hivi sehemu ya chini ikijitenga. Sehemu hiyo iliporudi na kusimama wima, kama nguzo iliyochimbiwa, vijana walipiga kelele za furaha. Askari polisi mmoja aliyekuwa akipita alisimama nyuma yao, akatazama hadi mwisho, kisha akaendelea na doria yake.

Mzee mmoja hakushangilia. Alituambia kwamba yeye aliiona roketi zamani, bila simu wala televisheni, akiwa kijana katika kaskazini ya Katanga, mkoa ulioitwa Shaba katika siku za Zaire. “Tulisikia ngurumo na mbingu haina wingu,” alisema. “Tulipouliza, tuliambiwa tusiulize.”

Mzee huyo hakuwa akiota. Kampuni moja ya Ujerumani Magharibi, iliyoitwa OTRAG, ilikodishiwa na serikali ya Mobutu eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000, ikajenga uwanja wake juu ya uwanda ulio kando ya mto Luvua. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya tatu ilirushwa Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikageuka ikaanguka bondeni. Nchi jirani zililalamika, Urusi ililalamika, na mwaka 1979 kampuni ikaamriwa kufungasha virago. Roketi hizo hazikubeba mtu. Lakini neno la mzee, kwamba waliambiwa wasiulize, lilitufuata njia nzima tuliporudi Lilongwe, kwa kuwa katika historia ya safari za anga si wanakijiji peke yao walioambiwa hivyo.

Katika Lilongwe tulimtafuta askari mstaafu ambaye tulisikia kwamba anazikumbuka siku za mwanzo. Ni vema msomaji kijana afahamu kwamba siku hizo zilisikika tu, hazikutazamwa. Malawi haikuwa na televisheni hadi mwaka 1999. Lilongwe yenyewe ilikuwa mji mdogo, haijawa makao makuu ya nchi. Hayo yalihamishwa kutoka Zomba mwaka 1975. Mzee huyu alikuwa kambini Zomba Julai 1969. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini saa 4 na dakika 17 usiku kwa saa za hapa, na Neil Armstrong alikanyaga udongo wa mwezi saa 11 kasoro dakika 4 alfajiri. Mzee alikuwa akishuka zamu ya lindo. Mwenzake alimwitia redioni, nao wakasikiliza sauti za mbali zenye mikwaruzo, kisha wakatoka nje kuutafuta mwezi, wakakuta ulikwisha tua kwa upande wao. Jambo hilo bado linamchekesha.

Lakini alipotaja Zanzibar ndipo tulipoweka kalamu sawasawa.

Wasomaji wengi hawajui kwamba moja ya vituo vilivyowaangalia wanaanga wa kwanza wa Marekani kilikuwa Unguja, huko Tunguu. Mpango ulioitwa Mercury ulikuwa na vituo 18 duniani kote, viwili vikiwa ndani ya meli. Sababu yake ni rahisi. Chombo kilikuwa kikienda kasi ya kilomita zipatazo 28,000 kwa saa, na simu ya upepo ya wakati ule haikuweza kukifikia kikiwa nyuma ya mviringo wa dunia. Kila kituo kilipata dakika chache tu za kuzungumza na mtu aliye juu. Kisha kilimpoteza, na kituo kilichofuata kikampokea. Kutoka Kano, Nigeria, aliyefuata kumpokea alikuwa Zanzibar. Ukichora mstari katika ramani baina ya miji hiyo miwili utapita mashariki ya Kongo na nchi za maziwa makuu, yaani vijiji vile vile walivyovikimbia baadaye watu wa Dzaleka.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, luteni kanali wa jeshi la Marine, alipita hapo. Daktari wa kituo cha Zanzibar alizungumza naye juu ya hali ya mwili wake, na muda mfupi baadaye, juu ya Bahari ya Hindi, Glenn akaliona jua likizama kwa mara ya kwanza katika safari ile. Hakuwa raia aliyekwenda kutembea. Wanaanga wote saba wa Mercury walikuwa marubani wa kijeshi, kama alivyokuwa Yuri Gagarin wa Urusi, aliyetangulia mbele ya wote tarehe 12 Aprili 1961, ambaye aliondoka akiwa luteni na kutua akiwa meja. Hata roketi zao zilikuwa za vita: Atlas ya Glenn ilibuniwa ili kubeba bomu la nyuklia, na ya Gagarin hali kadhalika.

Katika mzunguko wa pili mtambo mmoja Florida ulionyesha kwamba ngao ya joto ya chombo cha Glenn imelegea. Ikiwa ni kweli, angeungua wakati wa kurudi. Wakuu wa safari waliamua kwamba kifurushi cha roketi za kupunguzia mwendo, kilichofungwa kwa mikanda juu ya ngao hiyo, kisitupwe kama ilivyopangwa, ili kiishikilie. Glenn hakuambiwa sababu. Meli iliyokuwa Bahari ya Hindi ilimwambia tu aache swichi fulani imezimwa. Vituo vingine vikamuuliza kama amesikia kitu kikigonga. Akaanza kutambua kuna jambo. Alipoamriwa asikitupe kifurushi, aliuliza kwa nini, akajibiwa kwamba kwa wakati ule hakuna sababu ya kumpa. Ni uamuzi wa makao makuu.

Alitii. Vipande vya moto vikapita mbele ya dirisha lake wakati anashuka, asijue kama ni kifurushi kinachoungua au ni ngao. Alitua salama katika Atlantiki, akaokolewa na manowari iitwayo Noa. Ngao ilikuwa nzima. Kilichokosea ni swichi iliyotoa ishara ya uongo. Baadaye Glenn alisema wazi kwamba rubani hana budi kuambiwa. Wakuu walikuwa na hoja yao: asingeweza kufanya lolote, basi kwa nini aongezewe mzigo? Sisi tunamwunga mkono Glenn. Askari hutii kwanza na kuuliza baadaye, naye alifanya hivyo hasa. Lakini aliyeketi ndani ya chombo ndiye mwenye macho ya kuona na masikio ya kusikia, na kumficha hatari ni kumnyang'anya kazi yake.

Watu wa Zanzibar nao hawakuelezwa vya kutosha. Tangu mwaka 1960, kituo kilipoanza kujengwa kwa makubaliano ya Uingereza na Marekani, Chama cha Hizbu kilikipinga hadharani, na mitaani ilisemwa kwamba yataletwa makombora. Makombora hayakuwako, palikuwa na antena na mitambo ya kunasia sauti. Lakini uzio usioelezwa hujielezea wenyewe, na kwa kawaida hujieleza vibaya. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 Wamarekani wa kituo waliondolewa kwa manowari, na Aprili mwaka ule ule serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke.

Kisa cha Glenn kiliisha kwa heri. Tarehe 28 Januari 1986 chombo Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuondoka, wakafa watu saba. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kiwanda kilichounda roketi za pembeni walionya kwamba baridi itaziharibu pete za mpira zinazoziba maungio. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba onyo lile halikuwafikia wakuu waliotoa idhini ya mwisho.

Siku hizi wanaanga huyasikia mengi zaidi. Tarehe 27 Mei 2020 Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa wamekwisha fungwa mikanda ndani ya chombo chao kipya pale hali ya hewa ilipokataa, zikiwa zimesalia dakika zipatazo 17. Waliambiwa sababu pale pale, wakashuka. Siku tatu baadaye waliondoka.

Kituo cha anga cha kimataifa walichokiendea hakijakosa watu tangu Novemba 2000. Hupita pia juu ya Dowa, kilomita kama 400 juu, na katika baadhi ya jioni zisizo na mawingu huonekana kwa macho matupu: nyota isiyomemetameta, yenye mwendo wa kutulia. Vijana wa Dzaleka hutafuta saa zake katika simu. Yule mzee wa Katanga alituuliza kama walio ndani huweza kuiona kambi. Tulimjibu kwamba mchana, wakitumia lenzi kubwa, mabati ya mapaa huenda yakaonekana. Akaagiza mjukuu wake amwamshe zamu ijayo.