Kimai Ziwani: Kufundisha Nyimbo Bila Kumwacha Mwanafunzi Nje

Mwalimu wa fasihi simulizi hushauriwa kuanza na kile anachokijua mwanafunzi. Ni rahisi kuitamka kauli hii kuliko kuitekeleza, hasa hapa Sio Port, ambapo Mto Sio humwaga maji katika Ziwa Victoria na lugha kadhaa hukutana darasani.

Kimai ni nini?

Kimai ni nyimbo zinazohusu kazi za majini. Watahiniwa wengi huikariri fasili hii, kisha wakitakiwa kutoa mfano, hutaja mabaharia wa pwani wasiowahi kuwaona, ilhali baba zao huvua omena usiku. Nilipong'amua hivyo, niliwataka waimbe nyimbo za wavuvi kwa Kisamia. Tulizichanganua kwa Kiswahili: nani huimba, wakati gani, na kwa nini kiitikio hurudiwa? Mapigo huwawezesha wavuvi kuvuta wavu kwa pamoja. Hiyo ni dhima mojawapo.

Kosa langu

Hata hivyo, mwanafunzi mmoja Mteso alinyamaza wiki nzima. Nilimdhania mzembe. Kumbe alitoka kwa wakulima wa bara, wala hakukielewa Kisamia. Nilikuwa nimeondoa ugeni wa pwani nikaleta ugeni mwingine. Kisamia ni lugha ya Kibantu, hivyo "omundu" na "abandu" haziko mbali na "mtu" na "watu". Kiteso si cha Kibantu. Husema "itunganan" na "itunga". Mjaluo naye yumo katika hali hiyo hiyo.

Mbinu zinazofaa

(i) Anza na kipera kilichomo katika kila jamii, mathalani bembelezi.
(ii) Kila mwanafunzi akusanye wimbo mmoja nyumbani na aueleze kwa Kiswahili. Hapo atakuwa amejifunza pia mahojiano na kurekodi, mbinu za utafiti nyanjani.
(iii) Linganisha kimai cha mvuvi na wawe ya mkulima: zinafanana wapi, zinatofautiana wapi?

Yule mwanafunzi alileta wimbo wa kuvuna wimbi. Wasamia ndio waliomuuliza maswali siku hiyo.

Kwako mtahiniwa: usitaje sifa tu. Ieleze, kisha uitolee mfano wa wimbo unaoufahamu. Wimbo wa nyanyako ni fasihi simulizi pia.