Ndege ya kukodi: kwa nini gharama yake ni kubwa

Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, jimbo lililomo wilayani Ikungi, alipigwa risasi mjini Dodoma. Usiku huohuo alisafirishwa kwa ndege ya kukodi hadi Nairobi kwa matibabu.

Katika safari za ratiba, abiria hununua kiti kimoja, na gharama hugawanywa kwa wote waliomo. Anayekodi hulipia ndege nzima: mafuta, marubani, ada za viwanja na, mara nyingi, safari ya kurejea tupu. Hivyo mgonjwa mmoja hubeba mzigo wa abiria wengi. Faida yake ni kwamba ndege huondoka kwa saa ya mteja, wala haingoji ratiba.